Volkano imelipuka huko mbali: namna ya kujua kama itagusa hali ya hewa mpaka huku kwetu Dodoma

Mbukwenyi wakuu. Novemba 2025 ile volkano ya Hayli Gubbi kule Afar, Ethiopia, ilipolipuka, mjomba wangu wa Hombolo alinitumia voisi ya dakika nne ambayo na yeye kaforwadiwa kwenye grupu, jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba majivu yameshafika India, kwa hiyo jua linafunikwa na mvua za msimu ndo basi tena, watu wasihangaike kupanda. Na mjomba alikuwa keshasafisha shamba, mbegu ya alizeti ipo ndani kwenye ndoo, anasubiri tu ardhi ilowe. Majivu kufika India ni kweli kabisa, yalipita Yemen na Oman yakaenda mpaka huko na safari za ndege zikafutwa. Ila hilo la mvua alilitoa wapi sijui. Nikampigia nikamwambia mjomba ngoja kwanza, kuna vitu vya kuangalia kabla ya kuogopa, nikaanza kumwelekeza hatua kwa hatua mpaka salio likaisha katikati. Ndo nikaona bora niandike kabisa, maana hizi voisi zitarudi tu volkano nyingine ikilipuka.

Kwanza kabisa achana na picha. Video ya lava inatiririka usiku inatisha lakini haikwambii chochote kuhusu hali ya hewa ya dunia. Nyiragongo Mei 2021 ilitiririsha moto mpaka pembeni ya Goma, watu wakakimbia na magodoro kichwani, lakini joto la dunia halikushtuka. Ol Doinyo Lengai yetu hapo juu ya Ngorongoro ilirusha majivu 2007 na 2008, Wamasai wakahamisha mifugo, mvua za dunia zikaendelea na mambo yake. Ile ya Iceland ya 2010, Eyjafjallajökull (usijaribu kulitamka ukiwa na njaa), ilisimamisha ndege karibu Ulaya nzima kwa siku kadhaa na bado haikupoza dunia. Majivu ni mawe yaliyosagwa, ni mazito, mengi yanashuka ndani ya siku au wiki.

Kinachopoza dunia ni salfa. Ndiyo, salfa, ukoo mmoja na ile poda ya njano tunayopulizia kwenye zabibu kuzuia ubwiriunga, anayelima zabibu anaijua inavyowasha macho. Volkano inaitoa kama gesi, salfa dioksaidi, na hiyo gesi ikifika juu sana inakutana na mvuke wa maji, ndani ya wiki kadhaa inakuwa vitone vidogo mno vya asidi, na hivyo vitone ndo vinavyorudisha sehemu ya mwanga wa jua angani kabla haujatufikia. Yaani dunia inakuwa kama imetandikiwa neti nyembamba.

Kama hujaelewa fanya hivi usiku umeme ukikatika, hakugharimu kitu. Chukua glasi ya maji safi, washa tochi ya simu upande mmoja, mwanga uangukie ukutani. Sasa dondoshea maziwa matone mawili matatu, koroga. Angalia ukutani, mwanga umefifia. Angalia glasi kwa ubavuni, maji yamekuwa meupe yanang'aa kibluu, huo ni ule mwanga uliotakiwa kufika ukutani ila umetawanywa pembeni. Halafu itazame tochi yenyewe kupitia kwenye glasi, utaiona imekuwa njano kuelekea chungwa. Maziwa ndo salfa, ukuta ndo sisi. Nilimfanyia dogo wa jirani hili jambo akaniambia kumbe ndo maana jua la jioni jekundu, nikamwambia wewe umenipita, na mbele nitarudi kwenye hilo jua.

Basi, swali la kwanza la kuuliza: ilirusha mpaka kimo gani? Huku kwenye tropiki mawingu ya mvua na hali ya hewa yote tunayoijua inaishia kama kilomita 16 au 17 juu, kule ncha za dunia inaishia chini zaidi, kama 8 au 9. Juu ya hapo ndo stratosfia, na kule hakuna mvua ya kuosha kitu. Salfa ikibaki chini ya hapo mvua inaishusha ndani ya wiki, ikivuka inakaa mwaka mmoja mpaka miwili huku upepo unaizungusha dunia nzima. Kwa hiyo kimo ndo cha kuanza nacho, na kizuri ni kwamba hicho kimo kinatangazwa bure. Kwa upande wa Afrika kituo cha Toulouse, Ufaransa, ndo kinawapa marubani taarifa za majivu, na wanaandika kimo kwa herufi FL na namba, mfano FL450, hapo unaongeza sifuri mbili inakuwa futi 45,000, unagawa kwa 3,280 unapata kilomita kama 13.7. Kalkuleta ya simu inatosha. Hayli Gubbi yenyewe ilitajwa hapo hapo kwenye kilomita 14. Ukilinganisha na 16, mjomba, haijavuka dari.

Pinatubo ya Ufilipino, tarehe 15 Juni 1991, ilifika kilomita 35. Hiyo ilivuka dari na paa na nyota.

Swali la pili: salfa tani ngapi? Satelaiti zinapima na NASA huwa wanatoa namba ndani ya siku chache, na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ina ripoti ya volkano kila wiki, ukiweka kwenye tafsiri ya simu inasomeka vizuri tu. Kipimo changu mimi cha mtaani kiko hivi: chini ya tani milioni moja nalala, ikipita milioni tano nafuatilia, ikigusa milioni 15 naita watu. Pinatubo ilitoa kama milioni 15 mpaka 20, wingu lake likazunguka dunia kwa wiki tatu hivi, na joto la wastani la dunia likashuka kama nusu digrii mwaka uliofuata. Usiicheke nusu digrii, hiyo ni wastani wa dunia nzima pamoja na bahari, wapo waliopata zaidi na wapo ambao hawakuona kitu.

Hapa kuna mtego ambao hata watangazaji wanaingia. Watakwambia mlipuko ni wa daraja la 5 au la 6, kuna skeli inaanzia 0 mpaka 8. Ile skeli inapima ukubwa wa mlipuko na wingi wa vitu vilivyorushwa, haipimi salfa. St. Helens ya Marekani 1980 na El Chichón ya Mexico 1982 zote daraja la 5, lakini ya kwanza ilipasukia ubavuni ikatoa salfa kama tani milioni moja, ya pili ilirusha juu ikatoa kama milioni saba. Daraja moja, kazi tofauti kabisa. Na nyingine iliyowachanganya watu ni ya Tonga, Januari 15, 2022, volkano ya chini ya bahari, ilirusha mpaka kilomita 57 hivi, rekodi ya satelaiti, watu wakasema baridi hiyo inakuja. Salfa yake haikufika hata tani milioni moja. Ilichopeleka juu kwa wingi ni mvuke wa maji, kama tani milioni 150, ukaongeza maji ya stratosfia kwa karibu asilimia kumi, na mvuke kazi yake ni kushika joto. Kwa hiyo kimo peke yake hakitoshi, na salfa peke yake haitoshi, viwili viende pamoja.

Swali la tatu ni wapi ilipo. Fungua ramani uangalie umbali kutoka ikweta. Volkano ya tropiki inasambaza salfa kaskazini na kusini kote. Mfano mkubwa ni Tambora, kisiwa cha Sumbawa, Indonesia, Aprili 1815. Iko nyuzi kama 8 kusini ya ikweta, yaani ukivuta mstari kutoka pale kuja magharibi unapita maeneo ya Mafinga. Mwaka uliofuata, 1816, theluji ilianguka mwezi wa sita kaskazini mashariki ya Marekani, mazao yakaoza Ulaya, watu wakauita mwaka usio na kiangazi, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba chanzo ni mlima wa Indonesia. Ona hapo mlipuko Aprili, njaa mwaka wa pili. Kwa hiyo anayekwambia imelipuka jumapili na jumanne mvua imeharibika, huyo hajui anachosema, salfa yenyewe haijamaliza hata kugeuka vitone.

Zile za kaskazini kabisa zinapoza zaidi upande wao. Lakini hapo napo kuna stori inayotuhusu Waafrika. Volkano inayoitwa Laki, kule Iceland, ilipasuka Juni 1783 ikamwaga lava na gesi miezi minane, salfa kama tani milioni 120, kwao alikufa karibu mtu mmoja kati ya watano. Na Misri huku mto Nile ukashuka, ikaja njaa. Sababu ni kwamba upande wa kaskazini ukipoa, ukanda mvua (ule mkanda wa mawingu ya mvua unaozunguka dunia karibu na ikweta) haupandi vizuri kwenda kaskazini, mvua za Sahel, kusini ya jangwa la Sahara, na za vyanzo vya Nile zinapungua. Ukanda mvua ni ule ule ambao TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanautaja kila msimu, ukishuka kusini Desemba na Januari ndo na sisi Dodoma tunanyeshewa.

Sasa mtu atasema, basi kaskazini ikipoa ukanda unasukumwa kwetu, tutapata nyingi! Taratibu. Hiyo hesabu mimi siifanyi na wewe usiifanye. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, milimita mia tano na kitu kwa mwaka, na inavutwa zaidi na Bahari ya Hindi pamoja na El Niño na La Niña. Hata mlipuko mkubwa kweli kinachoonekana wazi ni dunia kwa ujumla kupata mvua pungufu nchi kavu, kama 1992 baada ya Pinatubo, kwa sababu jua likipungua na maji yanayopaa baharini yanapungua. Kwa shamba lako sikiliza utabiri wa msimu wa TMA unaotoka mwezi wa kumi, halafu fuatilia ule wa siku kumi kumi, kwa sababu kinachotuua huku sana ni kile kiangazi cha katikati, Januari Februari, mahindi yanatoa mbelewele jua linawaka. Hicho hakihitaji volkano yoyote.

Na si kila tope ni volkano. Desemba 2023 pale Katesh mlima Hanang uliposhusha matope na mawe yakaua watu, simu zilijaa habari za volkano kulipuka. Hanang ni volkano ya zamani kweli, ila kilichotokea ni mvua kubwa, sehemu ya mlima ikalowa ikashindwa kujishikilia ikaporomoka. Ukisikia fununu kama hizo za hapa nchini wa kuulizwa ni GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma.

Ukitaka kuangalia mwenyewe kwa macho inawezekana. Jua likishazama usiondoke, subiri dakika 15 mpaka 30 ukiangalia magharibi. Vumbi letu la Septemba na Oktoba linalifanya jua liwe jekundu likiwa bado liko chini chini pale, likizama basi, giza. Salfa ya stratosfia iko juu sana kwa hiyo bado inapigwa na jua wakati sisi tumeshaingia gizani, anga linawaka tena pinki au zambarau, kama baada ya Krakatau ya 1883, watu dunia nzima walishangaa machweo kwa miezi. Mchana lifiche jua nyuma ya kona ya simtanki (usilitazame jua lenyewe, tafadhali), uangalie bluu ya pembeni yake, ikiwa nyeupe kama maji ya mchele wiki kwa wiki hata mvua ikishaosha vumbi, hapo kuna kitu juu. Na kupatwa kwa mwezi: kwa kawaida mwezi unakuwa kama kutu ya bati, lakini ule wa Desemba 1992, salfa ya Pinatubo ikiwa bado iko juu, ulikuwa na giza kiasi kwamba karibu upotee.

Mjomba nilimpigia tena nilipopata salio. Nikamwambia kilomita 14, haijavuka, iko upande wa kaskazini, siku tatu nne imeisha, hiyo voisi ifute. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo mpwa wangu unasema nipande?" Nikamwambia mjomba mimi nasema volkano sio sababu ya kutopanda, mvua muulize TMA. Akasema sawa, basi nitumie hela ya trekta.