Kusafisha maji ya mgodi yenye shaba na kobalti: pima pH kabla hujamwaga chokaa

Jamani, maji yanayotoka kwenye michanga ya mgodi (mabaki ya mawe yaliyosagwa) yanaweza kuonekana masafi kabisa na bado yamejaa shaba, kobalti na nikeli, usiyaamini kwa macho. Sisi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, tunalijua hili vizuri, mgodi wa Kilembe waliacha kuchimba shaba mwanzoni mwa miaka ya 80 lakini michanga iko kando ya mto Nyamwamba mpaka leo, mvua ikinyesha yale mawe yenye salfa yanapata hewa na maji, inatengenezeka tindikali, na tindikali ndo inayeyusha metali. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua metali zinabaki. Klorini nayo inaua vijidudu tu.

Dawa yake kubwa ni chokaa iliyozimwa, ile ya unga, na huku kwetu mawe ya chokaa yako Hima na Muhokya so hatuna haja ya kutafuta mbali. Vaa glavu, miwani na gambuti, chokaa inachoma macho vibaya sana.

Kwanza pitisha maji kwenye ngazi za mawe yadondoke yapate hewa, maana chuma kikishapata hewa kinaanguka mapema, hata pH (kipimo cha tindikali, 7 ni katikati na chini yake ni tindikali) ikiwa 3.5 hivi. Alafu jaribu kwenye ndoo kabla ya kugusa bwawa: weka lita 10 kila ndoo, koroga chokaa na maji mpaka iwe kama maziwa, ongeza kidogo kidogo kwa vipimo tofauti, koroga, pima pH, acha itulie uone ndoo ipi tope limekaa chini vizuri. Kwa kukadiria, kama maabara imekwambia asidi ni miligramu 1,000 kwa lita (wanahesabu kama kalsiamu kaboneti), lita 1,000 za maji zinataka gramu 740 za chokaa safi, na ya kienyeji ina uchafu so itaenda zaidi.

Hapa ndo watu wengi wanaharibu: metali haziondoki zote kwa pH moja. Shaba inaanguka ukifika 7 mpaka 8, zinki inataka kama 9, kobalti na nikeli zinataka 9.5 mpaka 10, manganizi hapo hapo 10. Lakini ukipandisha ovyo mpaka 11 na zaidi zinki inayeyuka tena, na aluminiamu inarudi majini hata kabla ya hapo. Ndo maana mimi nashauri mabwawa mawili, la kwanza ufike 7 au 8, tope litulie, uhamishie maji ya juu tu kwenda la pili, huko ndo upandishe mpaka 10. Baadae yakae bwawa la wazi pH ishuke, usiyaachie mtoni yakiwa makali hivyo.

Kuna wanaojaza mfereji mawe ya chokaa wakaondoka. Kama maji yana chuma kingi mawe yanavikwa kutu na kazi inakufa, lazima uyageuze na kuyasugua.

Mafunjo na samadi vinafaa mwishoni, maji yakishapoa tindikali: chini kwenye tope lisilo na hewa bakteria wanageuza salfeti kuwa salfaidi inayoshika metali. Ila mafunjo hayo usikate kusuka mikeka wala kulisha mbuzi, na usitumie kinamasi cha asili kama chujio, maji yetu yanaishia Ziwa George, eneo la Ramsar (ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa) tangu 1988.

Lile tope sasa. Metali zote ziko mle, ukilimwaga shambani au likanyeshewa mvua yenye asidi zinarudi. Tandika plastiki nzito, lifunike, na uwaulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, pa kulipeleka, kibali cha kumwaga maji kiombe Wizara ya Maji na Mazingira.

Kama mgodi wako ni wa dhahabu na mnatumia sianidi, usifuate haya kabisa, pH ikishuka inatoka gesi inayoua mtu. Zebaki nayo chokaa haiimalizi.

Na pH nzuri haimaanishi maji yako salama. Peleka sampuli maabara, waambie wapime shaba, kobalti, nikeli, zinki na manganizi, kabla ya matibabu na baada, msimu wa mvua na wa jua.