Kuchonga tanoa, bakuli la Samoa la kava, kinywaji cha mizizi
Tafuta gogo la ifilele, mti mgumu na mzito, na ukikwepe kiini chake: nyufa huanzia hapo. Tanoa ya upana wa sentimita 40 yataka kipande chenye kimo cha sentimita 18 hivi. Bakuli na miguu ni mti mmoja, hakuna kuunga. Chimba ndani kwa tezo, ubakize unene wa sentimita 3, kisha lifunike kwa gunia wiki kadhaa likauke polepole. Ukiliweka juani litapasuka. Ndipo upunguze unene hadi sentimita 2. Miguu iwe mifupi na minene, kwa sababu nyuzi za mti huikata kwa upana, na mguu mwembamba huvunjika. Ndani usipake vanishi, ikibanduka itaishia kwenye kikombe cha matai, yaani chifu, siku ya sherehe ya ʻava, jina la Kisamoa la kava.