Khachapuri ya Imereti: mkate wa jibini unaopikwa kwenye kikaango

Katika nchi ya Georgia, kwenye milima ya Kaukazi, karibu kila mkoa una khachapuri yake. Ya Adjara ina umbo la mashua na huvunjiwa yai juu. Ya Samegrelo huwekwa jibini ndani na juu pia. Ya Imereti, upande wa Kutaisi, ni duara lililofungwa kabisa, na ndiyo ya kuanza nayo, maana haihitaji ovena.

Kwa mikate miwili ya upana wa sentimita 24: unga wa ngano gramu 350, mtindi usio na sukari mililita 150, maji vuguvugu mililita 80, hamira kavu kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula. Ndani: jibini gramu 600 na yai moja. Usipunguze jibini. Uzito wake ulingane na wa unga uliokandwa, la sivyo utakula chapati nene yenye jibini la kubahatisha.

Jibini la Imereti ni bichi, laini, lenye chumvi kidogo. Usipolipata, changanya mozzarella kavu gramu 400 na feta gramu 200: ya kwanza huyeyuka na kuvutika, ya pili huleta chumvi na uchachu. Feta ikiwa kali, iloweke kwenye maji baridi saa moja, kisha ikamue. Jibini la kugandisha kwa ndimu halifai kuwa peke yake, kwa kuwa haliyeyuki hata ulipike vipi, hubaki chengachenga.

Kanda unga kwa dakika 10. Uwe laini kuliko wa chapati na unate kidogo vidoleni. Usiuongezee unga mkavu ovyo. Ufunike uumuke hadi ujae maradufu, kama saa moja na nusu kwenye joto la kawaida. Wakati huo kwaruza jibini, changanya na yai, gawa mara mbili na ubinye kila fungu liwe donge gumu. Lisiwe limetoka kwenye friji muda huo huo, kwani litachelewa kuyeyuka huku mkate unaungua.

Gawa unga mara mbili, uache upumzike dakika 10. Ukiusukuma nao unarudi nyuma, bado haujapumzika. Utandaze kwa viganja hadi sentimita 20, kingo ziwe nyembamba kuliko katikati. Weka donge la jibini, vuta kingo juu yake ukizikunja kidogo kidogo, kisha zibane zishikane. Hapo juu patakuwa na kifundo cha unga: kikate. Wengi hukiacha, na ndicho kinachobaki kibichi katikati wakati pembeni pameiva.

Geuza mshono uwe chini, nyunyiza unga kidogo, kandamiza kwa kiganja kuanzia katikati kwenda nje hadi ufike sentimita 24. Utahisi jibini likisogea chini ya mkono. Lifuate, usilisukume kwa nguvu. Toboa tundu dogo katikati ili mvuke utoke. Mkate unaopasuka mara nyingi ni huo usio na tundu, au wenye jibini lenye maji.

Pasha kikaango kizito bila mafuta, moto wa wastani kuelekea mdogo. Weka mshono chini, funika, pika dakika 5 hadi 6. Geuza, pika dakika 5 bila kufunika. Mabaka ya kahawia ni sawa. Yakitokea ndani ya dakika mbili, punguza moto. Mwenye ovena aoke kwa nyuzijoto 250, dakika 10 hadi 12, juu ya trei iliyokwisha kupata moto.

Paka siagi mara tu unapoutoa, kata vipande sita, uliwe ungali moto. Uliobaki upashe kwenye kikaango kilichofunikwa, moto mdogo; maikrowevu huufanya uwe mgumu kutafuna.