Namna ya Kupima Ujazo wa Mapafu kwa Spirometa

Spirometa hupima hewa inayoingia na kutoka mapafuni, lakini majibu yake hutegemea bidii ya anayepimwa, na bidii hiyo, kwa sehemu kubwa, hutegemea maelekezo ya anayempima.

Kwanza muulize mgonjwa hali yake. Aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya wiki moja, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au ubongo ndani ya wiki nne, aahirishiwe kipimo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kabla, kwa sababu kupuliza kwa nguvu hurusha vimelea hewani. Kila mtu atumie kichujio kipya, na madirisha yawe wazi.

Kila siku ya kazi, kihakiki kifaa kwa pampu maalumu ya lita 3: kikisoma chini ya lita 2.91 au zaidi ya 3.09, kisitumike mpaka kirekebishwe. Kisha pima urefu wa mgonjwa bila viatu, wala usikubali kuambiwa tu, maana makadirio ya mapafu yake yatatokana na urefu, umri na jinsia. Asiyeweza kusimama wima hupimwa upana wa mikono iliyonyooshwa.

Aketi wima, nyayo zikiwa sakafuni, mkanda au kanga iliyombana ikiwa imelegezwa. Mbane pua kwa kibano, naye azungushie midomo kwenye bomba pasipo kuacha upenyo. Aanze kwa kupumua kawaida. Kwa mtu mzima aliyetulia, kila pumzi huwa na takriban mililita 500. Halafu avute hewa hadi mwisho na kuitoa taratibu hadi mwisho. Kiasi hicho ndicho John Hutchinson alichokipima London kwa spirometa yake aliyoieleza mwaka 1846, na kwa mwanamume mzima hukaribia lita 4.6. Hewa inayosalia mapafuni baada ya hapo, kama lita 1.2, haipimiki kwa spirometa, kwa kuwa haitoki kamwe.

Hatua ya kupuliza kwa nguvu ndiyo inayoharibika mara nyingi. Mwonyeshe wewe mwenyewe kwanza, kwani maelezo matupu hayatoshi. Avute hewa hadi kifua kijae kabisa, na bila kukawia zaidi ya sekunde mbili aipulize kwa kishindo, huku ukimhimiza kwa sauti: “Puliza! Endelea, endelea, bado!” Asiache kwa sababu tu anahisi amemaliza, aendelee hadi mchoro wa pumzi unaoonyeshwa na kifaa ulale au sekunde 15 zitimie, ila akiona kizunguzungu aache kupuliza mara moja. Akikohoa katika sekunde ya kwanza, jaribio hilo halifai.

Pata majaribio matatu yaliyo sahihi, huku makubwa mawili yasipishane kwa zaidi ya mililita 150, na usivuke majaribio manane, kwani mgonjwa aliyechoka hatatoa pumzi iliyo bora kuliko ya mwanzo.

Gawanya hewa ya sekunde ya kwanza kwa jumla ya hewa iliyopulizwa. Uwiano ukiwa mdogo, mpe salbutamoli, dawa ya kutanua mirija ya hewa, kwa agizo la daktari, subiri dakika 15, urudie. Ukibaki chini ya 0.70, mirija ya hewa ina kizuizi kisichofunguka kikamilifu. Mpelekee daktari michoro pamoja na tarakimu, kwa kuwa jaribio lililokatishwa mapema hutambulika kwenye mchoro.