Umevuka Hamsini na Bado Unataka Kasi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Msimu wa Baiskeli

Januari 2017, Mfaransa Robert Marchand, mwenye umri wa miaka 105, alizunguka uwanja wa baiskeli karibu na Paris kwa saa moja na kukata kilomita 22.547. Wengi humtaja kama muujiza. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyotangulia siku ile. Kuanzia miaka 101 hadi 103 alifuata ratiba iliyopangwa na watafiti, kama kilomita 5,000 kwa mwaka, asilimia 80 kwa mwendo mwepesi na asilimia 20 kwa nguvu. Uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 13. Kumbe mwili mzee bado hufundishika, mradi uandaliwe vizuri.

Maandalizi yaanzie kwa daktari, hasa kama umekaa miaka bila kuendesha, una shinikizo la damu au kisukari, au ndugu wa karibu alipatwa na ugonjwa wa moyo mapema. Pimwa shinikizo, sukari, kolesteroli na umeme wa moyo. Hata mkongwe wa barabara asijione yuko salama, kwa sababu miaka mingi ya mazoezi mazito ya masafa marefu huongeza uwezekano wa moyo kupiga bila mpangilio. Kifua kikibana unapopanda kilima, au ukisikia kizunguzungu na moyo kurukaruka, shuka na utafute matibabu siku hiyo hiyo. Mtajie daktari dawa zote unazotumia. Dawa za aina ya beta-bloka hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo kifaa cha kupima mapigo kitakuonyesha kwamba hujajituma ilhali umeshachoka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye azungumze na daktari kuhusu hatari ya kuanguka, kwani kugonga kichwa kwake ni jambo zito.

Hesabu ya 220 kutoa umri, inayotumika kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, usiitegemee sana. Inaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi. Pumzi yako inatosha kukuongoza. Siku ya mwendo mwepesi uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, na siku ngumu yatoke maneno mawili matatu tu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Baada ya miaka 30, uwezo wa juu wa kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila muongo kwa mtu asiyefanya mazoezi, lakini wanaoendelea kujituma hupoteza karibu nusu ya hiyo. Umri unapopanda, waendesha baiskeli huacha kabisa mazoezi makali na kubaki na mwendo wa kati, ule ule kila siku. Mwendo huo ni mzito mno kukupumzisha na mwepesi mno kukujenga. Tenga kwanza wiki sita hadi nane za mwendo mwepesi, kisha weka siku moja ngumu kwa wiki, baadaye mbili, na kati yake yapite saa 48 au zaidi. Mfano mzuri ni kusukuma kwa nguvu dakika nne, kupumzika dakika tatu, na kurudia mara nne. Kila wiki ya tatu au ya nne punguza mzigo kwa makusudi, hata kama unajisikia vizuri. Kijana akikosea ratiba hulala usiku mmoja akaamka mzima. Ukishafika umri huu unaweza kulipia wiki nzima. Pima mapigo yako kila asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakikaa juu ya kawaida siku kadhaa na miguu ikawa mizito, acha zoezi gumu la siku hiyo.

Jambo ambalo wapenda baiskeli hawapendi kusikia ni kwamba baiskeli peke yake haitoshi. Kwa kuwa inabeba uzito wako, mifupa haipati msukumo unaoiimarisha, na wapo waendeshaji hodari wenye mifupa dhaifu ya uti wa mgongo. Misuli nayo hupungua mwaka hadi mwaka. Mara mbili kwa wiki chuchumaa na kuinuka, nyanyua uzito kutoka chini, panda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Jifunze mtindo sahihi kabla ya kuongeza uzito. Kula protini kiasi cha gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 84 kwa mtu wa kilo 70, na uigawe katika milo yote badala ya kuirundika usiku. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Baiskeli nayo irekebishwe ikufuate wewe. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti likinyooka bila kiuno kuyumba, urefu wa kiti uko karibu na sahihi. Inua usukani kidogo kama shingo na mgongo vinalalamika. Funga gia nyepesi zaidi ili upande vilima kwa kuzungusha miguu haraka, magoti yasibebe mzigo wote. Ganzi sehemu za siri usiivumilie, badilisha kiti au mwelekeo wake. Wanaume wanaokwenda kupima damu kwa ajili ya tezi dume wakae bila baiskeli siku mbili kabla ya kipimo.

Zoeza pia shingo kugeuka, kwa sababu usalama wako barabarani unategemea kuona nyuma bila baiskeli kuyumba. Kiu hupungua umri unapozidi, hivyo kunywa kidogo kidogo kabla hujaihisi. Na mfukoni weka karatasi yenye jina lako, dawa unazotumia na namba ya simu ya ndugu anayepokea haraka.