Krimu au nyeupe ya maziwa? Zilinganishe hivi kabla hujanunua ndoo

Kwenye kadi ya dukani, krimu na nyeupe ya maziwa utaapa ni rangi moja. Zikishakaa ukutani, hii inavuta njano na ile inavuta kijani. Na ndoo ya lita 20 ikishachanganywa kwa mashine, ni yako.

Hatua ya 1. Nunua kopo dogo la kila rangi, zote za aina moja. Inayong'aa na isiyong'aa hazilinganishiki.

Hatua ya 2. Tafuta mabaki mawili ya jipsam, upana wa nusu mita hivi. Piga praima nyeupe (rangi ya msingi ya kutangulia), kisha mikono miwili ya rangi, yaani tabaka mbili. Usijaribie ukutani, maana rangi ya zamani inayoizunguka itakupotosha. Subiri hadi kesho yake: rangi ya maji hukolea ikikauka, na kwa unyevu wetu wa pwani, hasa masika, haikauki upesi.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Simamisha vipande wima ukutani, katikati bandika karatasi nyeupe. Bila karatasi, macho huzoea na kuona vyote ni vyeupe. Karatasi ikiwepo, njano, waridi au kijani kilichofichwa ndani ya rangi hujitokeza.

Nilifanya hivyo sebuleni kwa mama mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, mwenye mwembe mkubwa dirishani. Saa nne asubuhi nuru ikapita kwenye majani, nyeupe ya maziwa ikageuka kijani kibichi ukingoni, krimu ikatulia. "Fundi, hii ndiyo niliyoipenda dukani?" Ndiyo hiyo hiyo. Tukapaka krimu.

Hatua ya 4. Tazama asubuhi, saa saba, saa kumi na moja, halafu usiku taa ikiwaka. Taa ya 6500K (namba ya rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi la taa) huipoza rangi ikavuta bluu, ya 3000K huiongezea njano, na rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa zikaachana mchana. Kumbuka pia kwamba Mtwara dirisha la kaskazini hupata jua Juni na Julai, la kusini hulipata Desemba. Chumba cha kusini ukikijaribu katikati ya mwaka, umeona nusu tu ya tabia yake.

Hatua ya 5. Shusha vipande karibu na sakafu. Sakafu nyekundu hurusha wekundu ukutani, na nyeupe ya maziwa huudaka zaidi.

Ukishaamua, andika nambari ya mchanganyiko na uchukue rangi ya chumba chote kwa mara moja. Ikikuishia ukutani katikati, kopo la kuongezea linaweza kutofautiana kidogo, na jua la jioni litaonyesha mahali ulipounga.