Jinsi ya Kupima Urefu wa Njia ya Farasi kwa GPS ya Mkononi

Anayepanga safari ndefu ya farasi porini hupanga maji, mapumziko na mwendo kwa kutegemea namba moja, yaani urefu wa njia, na namba hiyo ikikosewa anayeumia kwanza ni mnyama. Kifaa cha GPS cha mkononi, yaani kinachojua mahali kilipo kwa ishara za setilaiti, kinaweza kukupa namba ya kuaminika, mradi uelewe kwamba hakipimi njia yenyewe. Kinachofanya ni kuweka nukta mahali ulipo kila baada ya muda fulani, kuziunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka, kisha kujumlisha urefu wa mistari.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Chukua kona ya nusu duara ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 10: farasi anayeifuata hutembea zaidi kidogo ya mita 31, lakini nukta moja ikiangukia mwanzo wa kona na inayofuata mwisho wake, kifaa kitaandika mita 20 tu. Farasi anayekwenda telki, yaani mbio za polepole, kwa kilomita 13 kwa saa hupita mita 36 kila sekunde 10, kwa hiyo kifaa kilichopangwa kuweka nukta kila sekunde 10 kinaweza kuimeza kona nzima. Kwenye njia inayopanda mlima kwa kujikunja-kunja, hasara hiyo hurudiwa kila kona, na jumla hutoka fupi kuliko njia halisi.

Kosa la pili huelekea upande wa pili. Mahali palipo wazi, kifaa cha kawaida hukosea kwa mita chache. Makosa ya hadi mita 100 ni ya zama za kabla ya Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia. Kwa bahati nzuri nukta zinazofuatana hukosea karibu kwa namna moja, ndiyo maana urefu unaopimwa uwandani huwa mzuri kuliko unavyoweza kutarajia. Chini ya miti minene au kando ya genge mambo hubadilika, kwa sababu ishara hugonga mwamba kabla ya kukifikia kifaa, na nukta huanza kurukaruka huku na huku. Farasi akisimama kijitoni dakika 10 anywe maji, mchoro wa mahali hapo hufanana na uzi uliotatizika, na kila mita ya uzi huo huongezwa kwenye safari. Simamisha kurekodi kila unaposimama, na uhakikishe umeanza tena kabla ya kuweka mguu kwenye kikuku cha tandiko.

Kwa mwendo wa telki mimi hupanga nukta kila sekunde moja au mbili. Kwa mwendo wa hatua, ambao ni wa polepole, sekunde 3 hadi 5 zinatosha, kwani nukta zilizosongamana mno hukusanya mitikisiko badala ya njia.

Washa kifaa mahali pa wazi kabla ya kuondoka. Setilaiti nne ndizo za lazima ili kipate mahali na kimo, lakini subiri zaidi, na kama hakijatumika kwa muda mrefu kipe robo saa. Kikiwa na uwezo wa kupokea Galileo na GLONASS, yaani mifumo ya setilaiti ya Ulaya na ya Urusi, iwashe pia. Kifunge juu ya bega kikitazama mbingu, wala usikitie mfukoni au kwenye mkoba wa tandiko, kwa maana mwili wako na wa farasi huzuia ishara.

Mteremko usikusumbue: mwinuko wa asilimia 10 hugeuza kilomita 10 za ramani kuwa 10.05 tu.

Jambo nisilokubali liachwe ni uhakiki. Chagua kipande cha kilomita moja chenye miti na kona, ukipime kwa gurudumu la kupimia au kwa baiskeli ambayo mzunguko wa gurudumu lake umeulinganisha na utepe wa chuma, kisha ukipite mara tatu na GPS. Ikiwa kifaa kinatoa mita 960 kila mara, umejua upungufu wake, lakini usiutumie kurekebisha sehemu za uwanda. Pima kipande kingine huko. Baada ya hapo pita njia nzima kwenda na kurudi, ufute nukta zilizoruka mbali na njia, na ulinganishe jumla hizo mbili. Usishangae namba ya safari kwenye skrini ikitofautiana na urefu wa mchoro uliohifadhiwa, maana vifaa vingi huhesabu ya kwanza kutokana na kasi. Andika zote mbili.

Kwenye ramani utakayowapa wengine, andika kilomita 24 wala si 24.37, na pembeni uweke tarehe ya kupima, muda kati ya nukta na mwendo wa farasi, ili atakayepima tena ajue tofauti anayoiona imetoka wapi.